Bi. Beya Ben Rhuma, Aliyewaandika Waandishi na Kuwasitiri (1941–2023)

Wasifu uliosomwa na familia siku ya arobaini, mjini Kef, Jumamosi tarehe 16 Desemba 2023

Tarehe 11 Februari 1941, karani wa daftari la vizazi la mji wa Kef aliandika kwa wino wa zambarau kwamba siku mbili kabla alikuwa amezaliwa mtoto wa kike aitwaye Beya, babaye Salah Ben Rhuma, fundi matandiko ya farasi, mamaye Khaduja bint Amara, "asiye na kazi". Tarehe na majina vimelinganishwa na hati ya ndoa ya wazazi na ni sahihi. Maneno matatu ya mwisho si sahihi. Khaduja alikuwa mwosha maiti wa wanawake wa mitaa yote ya juu, kuanzia kwenye chemchemi hadi chini ya ngome, na kwa miaka thelathini na minane hakuna mwanamke wa huko aliyezikwa bila kupita mikononi mwake. Karani hakufanya uzembe. Kazi ile haikuwa na ujira, na daftari lake halikuwa na mahali pa kuiandika.

Marehemu alikuwa wa tatu kati ya watoto wanne. Alikulia kati ya harufu mbili, ya ngozi katika karakana ya baba na ya karafuu maiti katika nguo za mama. Tangu akiwa na miaka kumi na mitatu alimsaidia mama yake kuchemsha maji na kukunja sanda, na aliyoyaona humo ndani hakuwahi kumsimulia mtu. Alichosimulia mara nyingi ni namna mama yake alivyofanya kazi. Maiti hufunikwa shuka tangu kitovuni hadi magotini, na mkono wa mwosha, uliovishwa kitambaa, hupita chini ya shuka hiyo. Kila mahali huoshwa. Si kila mahali huonwa.

Kazi ikiisha, mwosha hutoka, husimama kizingitini, na ikiwa ameona dalili njema huwaambia wafiwa: "Uso wake una nuru." Mwingine yeyote haruhusiwi kuyasema maneno hayo, kwa kuwa ni ushahidi, na shahidi ni lazima awe ameona. Akiona vinginevyo, husema tu "Mungu amrehemu" na kwenda zake.

Januari 1955, theluji ikiwa imefika magotini, Khaduja alimwosha jirani yake Mabruka, mwanamke mpole ambaye binti yake alikuwa ameshachumbiwa. Khaduja alikuwa na mafua mabaya. Alipofika kizingitini alifumbua kinywa na sauti haikutoka. Akainamisha kichwa, akapita. Kufikia Ijumaa, wazazi wa mchumba walikuwa wamerudisha kikapu cha hina pamoja na mishumaa yake, maana binti wa mama ambaye mwosha amemnyamazia hakuna anayemtaka. Khaduja alipanda kilima katika theluji hadi nyumbani kwao, Beya akimfuata nyuma.

"Nilikuwa sina sauti tu," aliwaambia. "Uso wake ulikuwa na nuru. Naapa."

Mama wa mchumba alimmiminia chai kwa adabu zote. "Sasa sauti umeipata, Khaduja, na Mungu akulipe kwa huruma yako."

Waliteremka kilima. Kuanzia siku hiyo Khaduja alisema maneno yaleyale kwa kila maiti, bila kubagua. Watu hawakukosa kumtania.

"Khaduja, hata yule aliyekuwa akiwachongea watu polisi?"

"Hata yeye. Uso wake una nuru."

"Basi manispaa izime taa za barabarani. Maiti wako wanatutosha."

Binti wa Mabruka aliolewa miaka miwili baadaye, na mwanamume mwingine, na Khaduja ndiye aliyepika chakula cha harusi.

Marehemu alisoma shule ya wasichana ya mjini hapa kuanzia Oktoba 1947, na alikuwa wa pili darasani mwaka hadi mwaka, kwa sababu wa kwanza, kama alivyokiri mwenyewe, "alikuwa na taa nyumbani". Mwaka 1957 alikwenda Tunisi kusomea ualimu. Mwaka 1960 aliajiriwa katika hazina moja ya nyaraka jijini humo, akapelekwa ng'ambo miaka miwili kujifunza uhifadhi, na mwaka 1966 alirejea na mashine ya kurekodia sauti yenye uzito wa kilo tisa. Aliibeba mgongoni kwa mtandio, kama mtoto, katika mabasi ya nchi nzima.

Wenzake kazini wanakumbuka desturi moja aliyojitungia mwenyewe. Baada ya mazungumzo hakuondoka kabla mzungumzaji hajasikiliza kanda yote, tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama ina urefu wa saa tatu. Kisha alimuuliza: "Katika haya, lipi unataka libaki nyumbani kwako?" Lililotajwa hakuliandika popote. Kwenye kadi ya kanda aliongeza neno moja tu, "Ameomba." Mkuu wake, Bwana Jilani, alimlalamikia kwamba hazina inapoteza nyaraka. Alimjibu: "Hazina inapata watu, Si Jilani. Watarudi." Na kweli walirudi, wengine baada ya miaka kumi, kusema yale waliyokuwa wameyabakiza.

Tarehe 12 Julai 1969 aliolewa na Abdulhafidh Sassi, mwalimu wa jiografia, aliyefika hazinani kutafuta ramani ya vijito vya Kef na kukuta anayeijua ramani hiyo kuliko ilivyochorwa. Walijaliwa binti, Rim, na mwana, Lamjed. Nyumba yao ilikuwa ya kelele, ramani ukutani, na kila majira ya kuchipua sinia la borzgan, lenye kondoo, tende na lozi, ambalo Abdulhafidh aliligawa kwa kijiko, akilikata nchi nchi kama ramani.

Mwaka 1982 mchapishaji mmoja wa Tunisi alimwomba marehemu aandike maisha ya Manubi Farjani. Wanaosikiliza hapa hawahitaji kuambiwa Farjani ni nani. Alizaliwa mtaa wa pili kutoka hapa mwaka 1912, akaandika riwaya nane, na hakuna mtoto wa Kef aliyemaliza shule bila kukariri ukurasa wake. Alifiwa na mke mwaka 1968 na hakuoa tena. Tarehe 3 Novemba 1979 alifariki Banzarti, katika chumba cha kupanga ambacho ndugu zake hawakujua kwamba anacho. Asubuhi iliyofuata mwili ulifika Kef ndani ya gari la mikate, ukiwa umekwisha oshwa na kuvishwa sanda, vifungo vitatu vimekazwa vizuri. Dereva alisema amekabidhiwa mlangoni, basi. Tangu siku hiyo, mji huu ulikuwa na swali moja: nani alimwosha?

Marehemu alifanya kazi ya kitabu hicho miaka minne na kurekodi kanda arobaini na sita. Kilitoka Machi 1986, kurasa 412, nacho hakikumbembeleza Farjani. Kilionyesha, kwa tarehe na kwa mwandiko, kwamba sura mbili za riwaya yake maarufu kuliko zote zilitoka katika shajara ya mkewe, naye hakumtaja. Kilichapisha barua aliyomwandikia mkuu wa wilaya wa wakoloni kumshitaki mwandishi kijana ambaye yeye Farjani alimwonea wivu. Kilieleza ulevi wake. Mpwa wa Farjani, Si Fathi, alisafiri hadi Tunisi kwa hasira na kupiga meza ya marehemu kwa kiganja.

"Umemvua nguo mjomba wangu, Lella Beya! Mbele ya watoto wa shule!"

"Nimemvua koti, Si Fathi. Alilivaa barabarani, kila mtu alikwisha liona. Nguo nimemwachia."

"Na Banzarti? Kurasa mia nne, na Banzarti mistari sita!"

"Sita inatosha."

"Unamjua aliyemwosha."

"Namjua."

Hakutoa zaidi ya hapo. Katika kadi zake ipo iliyoandikwa: "Kanda 31. Banzarti, 17 Aprili 1984. Dakika 52. Ameomba." Ndiyo kadi pekee kati ya arobaini na sita isiyo na jina la mzungumzaji.

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa katika mstari wa sita. Aliyejifunza kuaga maiti kwa mama yake aliifunga sura ile kama mama yake alivyofunga kazi: "Uso wake ulikuwa na nuru." Tunisi walisoma wakaona ni ufasaha. Kef walisoma wakaweka kitabu chini. Maneno hayo husemwa na aliyeosha, na mwanamke haoshi maiti ya mwanamume isipokuwa mumewe. Kwa hiyo, Beya wa Khaduja, aliyeolewa na mwalimu Sassi, mama wa watoto wawili, alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba alikuwa mke wa Farjani.

Uvumi ulimtangulia hadi hamamuni Kef, alikokuja kwa sikukuu. Siku ya mkesha wa Idi mwaka huohuo, akiwa na ndoo mkononi, mwanamke mmoja alimsalimu kwa sauti ya kusikika na wote.

"Karibu, Lella Beya. Eda imekwisha?"

"Eda ya nani, mwenzangu?"

"Ah! Kumbe ni wengi?"

Walicheka mpaka mvuke ukatikisika. Marehemu aliketi, akamwagia binti yake maji, akamsuka nywele hadi mwisho. Rim, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, anakumbuka kwamba siku hiyo alisukwa vibaya kuliko siku zote.

Angeweza kujitoa katika aibu hiyo kwa kutaja jina moja. Alisema wazi, kwa kila aliyemuuliza, kwamba hakumwosha Farjani na hakuwahi hata kumshika mkono. Waliuliza, basi nani? Hapo alinyamaza. Mumewe naye aliuliza, nyumbani, wakiwa mezani.

"Ulikuwa wewe?"

"Hapana, Hafidh."

"Basi niambie nani, nikalale."

"Huyo bado anapumua. Nilimsikilizisha kanda, nikamuuliza, akaomba."

"Na mimi? Mimi sipumui? Wanafunzi wamenichorea ramani ubaoni, wameandika 'Njia ya Banzarti'."

"Najua."

"Jina moja, Beya. Kwangu tu. Silitoi nje ya mlango."

Alimpenda mume huyo kuliko alivyojua kusema, na siku zote alisema hivyo. Alimjibu: "Nikikupa wewe, nitakuwa nimetoa."

Tarehe 20 Septemba 1986 Abdulhafidh alihamia kwa kaka yake mjini Baja. Alikaa miezi kumi na minne. Watoto walikwenda kumwona kila Jumapili ya pili, na marehemu aliwapa gunia la pilipili za kukausha wampelekee, kwa kuwa za Baja hakuzipenda. Marehemu mwenyewe hakumwandikia barua, na hakuna aliyemsikia akimlaumu. Jioni ya tarehe 22 Novemba 1987 mlango uligongwa. Abdulhafidh alikuwa amesimama na sanduku lake na ramani iliyoviringishwa kwapani.

"Nimechoka na chakula cha shemeji yangu," alisema. "Anatia sukari kwenye maharage."

"Ingia, baridi."

Aliingia, akatundika ramani mahali pake. Hakuuliza tena, hata mara moja, kwa miaka ishirini na mmoja na nusu waliyobaki nayo. Alifariki Mei 2009. Familia inashuhudia kwamba hakuwahi kuambiwa.

Mwaka 1988 mchapishaji alitaka toleo la pili na akamshauri marehemu aondoe ule mstari wa sita, mambo yatulie. Marehemu aliomba siku tatu. Alikwenda Kef kwa mama yake, aliyekuwa na umri wa miaka themanini na sita, haoni vizuri, anaketi na miguu ndani ya beseni la maji moto. Alimweleza yote. Khaduja alisikiliza, kisha akauliza swali moja.

"Umeandika vitabu vingapi vya wafu?"

"Kimoja, mama."

"Ndiyo taabu yako. Umesema kwa mmoja tu."

Mstari ulibaki. Na baada ya hapo, kati ya 1988 na 2011, marehemu aliandika maisha ya waandishi wengine watano, wake kwa waume. Kila kimoja kilikuwa cha ukweli mchungu, chenye hati na tarehe, na ndani ya kila kimoja lilikuwapo jambo ambalo mtu aliye hai aliomba lisisemwe. Kila kimoja kilifungwa kwa maneno yaleyale: "Uso wake ulikuwa na nuru." Aliyaandika kwa mshairi wa kike wa Susa. Aliyaandika kwa mwanatamthilia aliyefia gerezani. Aliyaandika hata kwa mwanahistoria wa Kairuani aliyefariki mwaka 1931, miaka kumi kabla ya marehemu kuzaliwa.

Kitabu hicho cha mwanahistoria kilipofika Kef, mwanamke yuleyule wa hamamuni, sasa mzee, alisomewa na mjukuu wake. Alihesabu kwa vidole. Kisha, kama anavyosimulia mjukuu huyo, alisema: "Mume wa nne, naye kamwosha kabla hajazaliwa. Mungu wangu, tulikuwa tunasema nini?" Alituma sahani ya makrudi, vitafunio vitamu vya tende, nyumbani kwa marehemu. Hakukuwa na ujumbe mwingine. Marehemu alirudisha sahani ikiwa na lozi, na mambo yakaisha hivyo, baada ya miaka kumi na minane.

Tangu hapo hakuna msomaji aliyeweza kujua, kwa kutazama vitabu vyake sita, ni ukurasa upi umefunika jambo zito na ni upi haukufunika chochote. Wanafunzi wa vyuo wamejaribu. Mmoja aliandika tasnifu nzima. Marehemu aliisoma, akamsahihishia tarehe tatu, akampa chai.

Mwaka 2019 aligunduliwa kuwa na maradhi ya moyo. Alitibiwa Tunisi kwa uangalifu, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi. Katika majira ya kiangazi mwaka huu alitaka kurudishwa Kef. Mwandishi wa gazeti alimfuata hadi kitandani, mwezi wa Septemba, kwa heshima kubwa, akauliza kama yule wa Banzarti hatimaye amefariki, ili jina litolewe.

"Sijui," alisema marehemu.

"Kwa hiyo, Lella?"

"Kwa hiyo bado anapumua, mwanangu. Kula keki."

Alifariki Jumanne tarehe 7 Novemba 2023, saa kumi na dakika kumi alfajiri, Rim akiwa amemshika mkono wa kushoto. Alioshwa na Lella Munjia, ambaye Khaduja mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Ua ulijaa watu. Lella Munjia alipofungua mlango, kila mmoja alijua atakachosema, na hapana aliyejua ameona nini. Alisema: "Uso wake una nuru." Kuna waliolia. Kuna waliocheka, mikono midomoni, machozi yakiwatoka. Si Fathi, mwenye miaka themanini na mmoja, aliyewahi kupiga meza, aliomba kushika jeneza upande wa mbele. Alishika hadi lango la makaburi, akapumzika, akamwambia Lamjed: "Miaka thelathini na saba nilitaka kujua. Leo ningeambiwa, ningeziba masikio."

Siku ya tisa baada ya maziko, familia ilifungua sanduku la kanda, kwa mujibu wa wosia, ili zikabidhiwe hazinani. Zilihesabiwa mara mbili mbele ya mashahidi wanne. Kanda ya 1 hadi ya 30 zipo. Kanda ya 32 hadi ya 46 zipo. Mahali pa kanda ya 31 palikuwa na kitambaa cheupe cha pamba, kilichokatwa kama sanda, na kamba zake tatu za kufungia. Zilikuwa zimefunguliwa, kama vifungo vinavyofunguliwa maiti akishalazwa kaburini. Ndani hamkuwa na kitu.

Marehemu ameacha binti yake Rim na mkwewe Nuri, mwanawe Lamjed na mkwewe Olfa, wajukuu wanne, Sirin, Ghasan, Maram na Idris, dada yake Naima, wapwa kumi na mmoja, vitabu sita, na watu wasiohesabika ambao walimwambia mambo na wakalala salama.

Mola amfunike kwa sitara ileile aliyowafunika nayo wengine, na aipe roho yake utulivu.

Aliyemwosha Manubi Farjani mjini Banzarti, tarehe 3 Novemba 1979, hajulikani. Kanda ya 31 haijulikani ilipo.